Mboga za Uwani, Nani Achume?

NGOSHA: Mwangaluka wasikilizaji, mi Ngosha, niko na Mama Kulwa kama kawa. Leo ni bustani za pamoja kwenye nyumba za kupanga, zile mnakaa wapangaji sita saba uwani mmoja.

MAMA KULWA: Mwangaluka. Alafu watu wanadhani haya ni mambo ya uswahilini tu, kumbe Denmark kuna mtaa unaitwa Sættedammen, ulijengwa 1972, familia 27, kila mtu ana nyumba yake na jiko lake ila kuna jengo la wote wanapika na kula pamoja.

NGOSHA: Sa si uwani huo? Ila wenzetu walikaa kikao ndo wakajenga, sisi tunakutanishwa na dalali.

MAMA KULWA: Hahaaa, dalali! Ndo hapo sasa. Umehamia juzi, jirani humjui ata jina, unaambiwa toa hela ya mbegu.

NGOSHA: Tuanze na kulima basi, maana watu wa Mabatini hapa Mwanza, huko mlimani, watasema sie tunakaa juu ya mawe, udongo tutoe wapi.

MAMA KULWA: Viroba ngosha. Unachukua kopo lisilo na kitako unalisimamisha katikati ya kiroba unalijaza kokoto, pembeni udongo na samadi, unalivuta juu kidogo kidogo mpaka kiroba kijae, hapo maji yanashuka mpaka chini, alafu unatoboa ubavuni unapandikiza sukuma wiki. Na hayo mawe yapange kingo, masika ikija udongo hauendi kwa jirani wa chini.

NGOSHA: Mi ningeweka nyanya.

MAMA KULWA: Nyanya za nini kwenye kitu cha wote! Zikiiva tu, aliyewahi kuamka kabeba ndoo, aliyemwagilia kakuta majani. Panda matembele, panda sukuma wiki, ukichuma leo yanaota tena, kila mtu anapata ya sufuria yake. Yani kulima sio shida kabisa, shida ni kuchuma, na watu wengi wanachagua mbegu kwa kuangalia bei sokoni wakati wangeangalia inagawanyikaje.

NGOSHA: Alafu kuna yule anachuma anaenda kuuza fungu pale kibarazani.

MAMA KULWA: Huyo yupo kila uwani, sheria iwe ya sufuria ya siku hiyo, basi. Ya kuuza mkubaliane, na hela iingie kwenye bili ya maji.

NGOSHA: Eeh bili! Mita moja, nyumba nzima inanuna.

MAMA KULWA: Kwani maji ya kuoshea mchele na mboga mnamwaga wapi? Yale yanatosha viroba kadhaa, ila ya sabuni msimwagie majani mnayokula. Ya kuoshea samaki nayo hapana, mtafuga paka wa mtaa mzima.

NGOSHA: Na asiyemwagilia? Mfano jamaa anashinda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, anatoka alfajiri anarudi usiku.

MAMA KULWA: Alete dagaa. We unadhani mlenda wa kunde unashuka na nini? Mi naona huyo kachangia kuliko anayeshika keni kwa ajili ya picha za status.

NGOSHA: Umemlenga mtu wewe.

MAMA KULWA: Anajijua. Ila kabla hamjapanda kamuoneni mwenye nyumba, kuna wanaoongeza vyumba hapo hapo uwani, unakuta tofali zimeshushwa juu ya mchicha.

NGOSHA: Ndo uzuri wa kiroba, ukihama unahama nacho.

MAMA KULWA: Cha wote unahamaje nacho?

NGOSHA: Ah, si nimekimwagilia mimi!

MAMA KULWA: Mmemsikia? Haya tutumieni voisi, huyu ahame na kiroba au akiache, wiki ijayo tunasoma majibu. Wabeja sana.