Wanga wa jani unakwenda wapi usiku?

Mwangaluka! Asanteni kwa kuacha palizi mkaja kunisikiliza asubuhi hii hapa Misungwi.

Nimeshika majani mawili ya muhogo, ya shina moja. Hili nililichuma jana jua likizama, hili leo alfajiri. Nimeyachemsha, nikayatoa ukijani kwa spiriti, kisha nikayadondoshea iodini. Tazameni: la jioni limegeuka bluu iliyokolea hadi weusi, kwa sababu limejaa wanga. La alfajiri lina rangi ya iodini tu. Wanga umekwenda wapi?

Mchana jani hutengeneza sukari kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, maji na mwanga. Nyingine husafirishwa papo hapo, nyingine hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya jani, maana sukari ikirundikana huvuta maji kupita kiasi, wanga hauna tabia hiyo. Giza likiingia, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali, huuvunja wanga, na mwishowe inapatikana sukrosi, sukari ileile tunayotia kwenye chai. Jambo linalonistaajabisha mpaka leo ni hili: Arabidopsis, mmea mdogo unaochunguzwa sana maabara, hutumia akiba yake kwa kasi inayolingana na urefu wa usiku, ikakaribia kwisha kunapopambazuka. Ukiuletea giza mapema, hupunguza kasi usiku uleule!

Sukrosi hupakiwa kwenye floemu, mirija ya upande wa ndani wa gome. Humo huvuta maji, shinikizo hupanda, utomvu ukasukumwa kuelekea mizizi inakopakuliwa. Mjerumani Ernst Münch alieleza hivyo mwaka 1930. Ukibandua gome la mwembe kwa kuuzunguka, juu ya jeraha huvimba: sukari imefika, njia imekatwa. Nzi weupe nao hunyonya mirija hiyohiyo, wakiacha virusi vya magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia.

Kabla hatujaanza, mama mmoja ameniuliza kama kuchuma kisamvu kunapunguza muhogo. Ndiyo, mama, ukizidisha. Jani changa bado linalishwa na wenzake. Hadi likue kiasi ndipo linapoanza kupeleka sukari nje. Ukichuma vichomozo kila wiki, shina linatumia sukari kuotesha vingine badala ya kunenepesha mizizi, na majani ya kesho yanakosekana. Chuma, lakini yaache mashina mengine yapumzike.

Twendeni shambani sasa, niwaonyeshe jani lililoanza kujitegemea.