Ngwane ni yupi? Wafalme, nchi na watu wa jina moja

BARAKA: Karibuni. Leo tunalo jina la Kiswati, lugha ya Eswatini, nalo ni Ngwane. Dada Zuhura, ukilikuta kwenye maandishi, unaanzia wapi?

ZUHURA: Kwenye kiambishi, kaka. KaNgwane ni "kwa Ngwane", mahali. BakaNgwane ni watu wa huko, yaani Waswati. Ukikuta amaNgwane, simama kwanza, maana mara nyingi hao ni watu wengine kabisa.

BARAKA: Wale wa chifu Matiwane.

ZUHURA: Ndio. Walikaa upande wa mto Mfolozi, wakasukumwa na vita hadi ng'ambo ya milima ya Drakensberg, wakashindwa kwenye mapigano ya Mbholompo mwaka 1828. Matiwane akarudi kwa Dingane, mfalme wa Wazulu, akauawa. Watu wake leo wako maeneo ya Bergville, KwaZulu-Natal. Ukiwaingiza kwenye ukoo wa kifalme wa Waswati kwa sababu ya jina tu, umeharibu historia ya pande mbili.

BARAKA: Na wafalme wenyewe?

ZUHURA: Tazama namba. Ngwane III ni wa karne ya 18. Ndiye aliyekaa Shiselweni, kusini mwa Eswatini ya leo, na kutokana naye nchi ikaitwa kaNgwane. Ngwane V ni Bhunu, ambaye pia huitwa Mahlokohla, aliyefariki Desemba 1899. Mtu mmoja, majina matatu! Anayetafuta "Bhunu" peke yake hukosa nusu ya habari zake.

BARAKA: Na mwanawe Sobhuza II alitangazwa mrithi akiwa mtoto mchanga, bibi yake Labotsibeni akashika nchi hadi 1921.

ZUHURA: Na hapo kuna mtego wa pili. Labotsibeni alikaa Zombodze, katikati ya nchi. Lakini Zombodze ya zamani iko Shiselweni, na leo huitwa Zombodze Emuva, Zombodze ya nyuma. Makao mapya yalirithi jina la makao ya wazee. Kwa hiyo usiweke alama kwenye ramani kabla ya kujua tukio ni la mwaka gani.

BARAKA: Halafu kuna KaNgwane ya Afrika Kusini.

ZUHURA: Hiyo ilikuwa bantustani, yaani eneo lililotengewa Waafrika na serikali ya ubaguzi wa rangi, kwa ajili ya Waswati wa huko. Mwaka 1982 Pretoria, yaani serikali ya Afrika Kusini, ilitaka kuikabidhi kwa Swaziland, jina la zamani la Eswatini, pamoja na eneo la Ingwavuma. Enos Mabuza, kiongozi wake, alikataa, mahakama zikaingilia, mpango ukafa. Ilipewa serikali ya ndani 1984, ikavunjwa 1994, sasa ni sehemu ya jimbo la Mpumalanga. Basi hati ya miaka ya 1980 ikitaja KaNgwane, karibu kila mara ni hii. Wimbo wa sifa za mfalme ukiitaja, ni nchi nzima ya Waswati.

BARAKA: Na chama cha siasa cha Eswatini, NNLC, cha 1963?

ZUHURA: Ngwane National Liberatory Congress, cha Ambrose Zwane. Hapo Ngwane ni nchi, wala si mfalme.

BARAKA: Hata Eswatini yenyewe ina -ni mwishoni, kama mjini na nyumbani.

ZUHURA: Kiambishi kilekile cha mahali, kaka. Ni kwa Waswati.