Mjomba, usinunue shafti kwanza

Sikilizeni hii sauti. Ka-ka-ka-ka-ka. Hiyo ni IST ya mjomba wangu kule Morogoro, ikikata kona kuingia getini kwake. Kairekodi kwa simu kanitumia WhatsApp: "Fundi anasema ninunue shafti nzima. Nyie huko Marekani mnafanyaje?" Shafti ni ule mti wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Nilicheka peke yangu, maana wakati ujumbe unaingia nilikuwa chini ya gari langu, grisi imenifika mpaka kwenye nyusi.

Niko Columbus, Ohio. Hapa mnapopaona si kwangu, ni kwa rafiki yangu Mkongo. Mkataba wa nyumba ninayopanga unakataza kutengeneza gari kwenye maegesho, kwa hiyo kanipa uwanja wake wa saruji na kanidai pilau. Gari ni Corolla ya 2009. Wiki iliyopita nilikuwa najaza upepo, nikaona rimu ya kushoto imerukiwa matone meusi kwa ndani. Nikalaza usukani, nikachungulia na tochi. Buti limechanika. Hii raba yenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta, mnaiona? Inafunika jointi, pale shafti inapojikunja, na kazi yake ni mbili tu: kushika grisi ndani na kuzuia mchanga nje. Huku baridi inaikausha. Kwenu ni vumbi, tope na umri.

Gereji moja ilinitajia dola 420, na wao hawashughuliki na buti, wanabadilisha shafti nzima kwa sababu saa ya fundi huku ni ghali kuliko chuma. Mimi nimenunua buti mbili, klipu na grisi yake kwa dola 38. Boksi la kufungulia nati, namba 30, na spana ya kupima nguvu nimeazima AutoZone, duka la vipuri. Unaacha amana, ukirudisha wanakurudishia yote.

Sasa, kilichonishinda kwanza ni nati, ile kubwa ya katikati ya tairi inayoshika shafti. Tafadhali, ilegezeni gari likiwa bado chini, mtu amekanyaga breki. Na kabla ya hapo nyanyueni ile midomo ya nati iliyogongwa kuingia kwenye mfereji wa shafti. Mimi nilisahau kuinyanyua. Nikaning'inia kwenye mpini kama nyani dakika kumi, mwenyeji wangu ananirekodi.

Ikishatoka, piga jeki, weka stendi za chuma. Mjomba, si tofali. Nasema tena, si tofali. Toa tairi, fungua boljointi pale kwenye mkono wa chini, vuta habu pembeni, shafti inachomoka.

Hapa ndipo Toyota wana vituko vyao. Buti lililochanika ni la nje, upande wa tairi, lakini ile jointi ya nje haikusudiwi kufunguliwa. Buti jipya linaingilia upande wa pili, kama mgeni anayepitia jikoni. Kwa hiyo nimekata klipu ya buti la ndani na kuivuta shafti, kikombe chake nikakiacha palepale kwenye giaboksi. Hata tone la oili halijamwagika. Ndani kuna rola tatu. Weka alama ya rangi kila kitu kilivyokaa kabla hujatoa seklipu, ile pete ya chuma inayozishika, na kugonga, ili kirudi kilivyokuwa.

Jointi ya nje ina gololi sita. Nimeiosha kwa dawa ya kusafishia breki, nikaizungusha, nikaosha tena, mpaka majimaji yakatoka meupe. Nikaiacha ikauke kabisa, kwa sababu kiosheo kikibaki ndani kinaharibu grisi mpya na raba. Sasa pitisheni kidole kwenye njia za gololi. Zikiwa laini na zinang'aa, umewahi. Ukikuta kishimo kinachokwaruza ukucha, basi mjomba, fundi wako yuko sahihi, grisi haitajaza chuma kilicholika. Na wewe yako inalia tayari. Yangu haikuwa imelia bado.

Grisi ni hii nyeusi yenye molibdeni, imetengenezwa kwa vyuma vinavyosuguana kwa shinikizo. Ile ya njano ya kopo ambayo kila gereji inayo, ya beringi, msiitumie humu. Isukumeni kwa vidole katikati ya gololi mpaka itokee upande wa pili, inayobaki ndiyo iingie kwenye buti. Pakiti nzima, usibanie.

Basi nikapachika rola, nikagonga, nikaweka seklipu, nimeridhika na nafsi yangu. Nageuka, buti la ndani limekaa juu ya boneti linanitazama. Ikabidi nifungue upya. Buti na klipu ndogo huvaa shafti KABLA ya rola, wandugu. Nimeacha kipande hicho kwenye video, sikukikata.

Kabla ya kukaza klipu, penyeza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa buti hewa itoke, la sivyo linavimba kama andazi. Msifunge na waya wala mpira wa tyubu. Nimeona nyingi za hivyo Gerezani, kule kwenye magereji ya Dar, na nyingi zilirudi. Nati weka mpya, gari langu inakazwa kwa Nm 216, halafu unagonga midomo yake tena.

Nimelipeleka kwenye maegesho matupu, usukani umelala hadi mwisho, vioo chini. Kushoto kimya. Kulia kimya. Asubuhi nimechungulia rimu, kavu.

Mjomba, kabla hujatoa hela: yako inalia ukikata kushoto au kulia? Na mwambie fundi akuoneshe buti, nipigie picha. Kama halijachanika kokote, tuanzie hapo.