Jiwe lako ni kimondo au ni jiwe tu? (mazungumzo kama yalivyotolewa)

Haya jamani, tusogee mbele kidogo, mliokaa nyuma hamtaona hiki kigae. Naona watu mmekuja na mizigo, kuna mtu kabeba kiroba kizima. Nianze na habari mbaya kabisa ili tusije kulaumiana baadae: mawe mengi sana yanayoletwa kwamba ni vimondo, sio vimondo.

Tatizo ni kwamba sisi wa huku kimondo tunachokijua ni kile cha Mbozi, mkoani Songwe, tani kama 16, urefu mita 3 hivi, chuma tupu, kwahiyo mtu akiokota kitu cheusi kizito anajua tayari. Lakini vimondo vingi vinavyoanguka ni vya mawe, sio chuma. Kile cha Thika kule Kenya mwaka 2011, jiwe. Cha Mbale Uganda, Agosti 1992, jiwe pia, na kipande chake kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba kikamgonga kijana kichwani, hakuumia, gramu 3 na kitu tu hizo!

Sasa lete hilo lako kaka. Asante. Zito kweli. Tuangalie ngozi kwanza. Kimondo kilichoanguka juzi kina ganda jeusi jembamba sana, hata milimita moja halifiki mara nyingi, kwasababu kinaungua nje tu kikipita hewani, ndani kinabaki baridi na rangi nyingine, mara nyingi kijivu. Hili lako ndani nje rangi moja. Alafu haya matundu madogo madogo kama ya mkate, hapana, matundu ya hivi ni gesi, utayakuta kwenye mawe ya volkano au kwenye mabaki ya kuyeyushia chuma, na mabaki hayo yamezagaa kila palipokuwa na tanuri la wahunzi wa zamani. Kimondo kinaweza kuwa na mabonde mabonde kama mtu kabonyeza udongo kwa dole gumba, lakini sio povu.

Sumaku inashika? Inashika, sawa, usishangilie. Vimondo karibu vyote vinashika lakini na magnetaiti, yale madini meusi ya chuma, inashika, na mabaki ya chuma yanashika. Na nawaomba tumieni sumaku ndogo ile ya spika mbovu, muining'inize kwenye uzi, maana sumaku kali inafuta usumaku wa asili ndani ya jiwe na watafiti wanautaka ule.

Ndo nikasema kigae. Geuza taili, ule upande wa nyuma usio na ng'aro, kwaruza jiwe. Ikitoka rangi nyekundu ya damu ya mzee hiyo ni hematiti, madini mengine ya chuma ya hapahapa duniani, ikitoka nyeusi basi magnetaiti. Kimondo ambacho hakijaliwa na kutu kwa kawaida hakiachi mstari wa maana. Ukifaulu hapo chukua tupa, sugua kona moja tu, kona bana, usilipasue na nyundo! Ukiona vidoti vya chuma vinang'aa ndani ya jiwe, hapo sasa hata mimi moyo unaanza kwenda mbio.

Cha mwisho ni nikeli, na hii nyumbani huwezi, peleka kipande maabara, GST, ile taasisi ya serikali ya jiolojia, pale Dodoma wanapima madini. Chuma cha Mbozi kina nikeli zaidi ya asilimia 8, wakati chuma cha kiwandani cha kawaida karibu hakina. Dalali akikwambia anaijua kwa kuilamba au kwa kuweka mchele juu yake, we ondoka tu.

Haya kaka, kwaruza mwenyewe. Kwa nguvu. Ehee... mnaona wote? Nyekundu hiyo. Pole, ila lina hematiti, sio kimondo. Nani anafuata, mama wa kiroba, karibu.