"Trump si amtumbue tu gavana wenu?" Haya, leo nawajibu

Haya jamani mambo vipi, za huko nyumbani, mnisamehe taa ya gari imekufa kwa hiyo uso mnauona nusu. Niko paking ya kazini, shifti inaingia saa tano kasorobo usiku, nimewahi makusudi niwajibu maana komenti imekuwa ileile kila video. Hata nikiposti napika makande mtu anakuja kule chini anaandika "dada hilo si jimbo la Trump, mbona gavana wenu ni wa upinzani, Trump si amtumbue tu?" halafu mwenzake anadakia "nitajie jimbo lenye gavana anayependa wageni nijipange".

Kabla sijaenda mbali, najua wapo watakaosema kajifanya Mmarekani huyo, na wapo wale wengine kama kachoka si arudi. Sijigambi na silalamiki. Mimi nabeba maboksi, siasa naisoma kwenye karatasi ya mshahara basi, na sina hata kura, nina green card tu. Ninachosema ni cha kwangu mimi hapa Louisville, Kentucky, mwenye Texas au Minnesota atasema yake.

Sasa hili la kutumbua. Sisi Tanzania tumezoea mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, taarifa ya habari saa mbili usiku unasikia uteuzi umetenguliwa, asubuhi yuko mwingine. Huku hakuna kitu hicho. Gavana kachaguliwa na watu wa jimbo lake, Rais hana mkono wa kumtoa, awe chama chake awe sio. Wakenya nyie mnaelewa kidogo, tangu 2013 mna magavana 47 na Rais wenu hawafukuzi, bunge la kaunti linamshitaki na Seneti ndiyo inaamua. Ila wa huku ana vitu ambavyo wa kwenu hana, ana polisi wa jimbo, anasamehe wafungwa, jimbo lina katiba yake na mahakama yake kuu. Na hilo neno upinzani liacheni kwanza. Kitaifa chama cha gavana wetu kiko nje, ndiyo, lakini kwenye kiti cha Frankfort yeye ndiye serikali. Frankfort ndiyo makao makuu ya Kentucky, sio Louisville, na sio ile ya Ujerumani, kuna shemeji yangu mmoja mpaka leo anajua naishi karibu na Wajerumani.

Gavana wetu anaitwa Andy Beshear, Democrat. Mwaka 2019 alimtoa Matt Bevin wa Republican, chama cha Trump, kwa kura elfu 5 na kidogo, jimbo zima hilo, kura karibu milioni moja na nusu zimepigwa! Mwaka 2023 akarudi kwa asilimia 52 na ushee. Halafu mwaka mmoja mbele, 2024, watu walewale wa Kentucky wakampa Trump zaidi ya asilimia 64. Hapo ndipo mnaponiuliza inakuwaje. Inakuwaje ni kwamba hapa uchaguzi wa gavana haupigwi siku moja na wa Rais, ni mwaka wake peke yake, kwa hiyo mtu anaingia kumpima huyu bwana, hapigi kura ya mafiga matatu, rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, kama tunavyohimizana kwetu. Bevin aligombana na walimu 2018 kwa ajili ya pensheni yao mpaka shule zikafungwa, na mwalimu ana mume, ana mama, ana majirani. Beshear naye yalimkuta mafuriko na vimbunga, kile cha Mayfield Desemba 2021 na maji ya mashariki Julai 2022, watu wakamwona yuko nao. Halafu kabeba jina la baba, maana baba yake Steve Beshear alikuwa gavana 2007 mpaka 2015. Nyumbani tungesema kiti cha ukoo.

Na sio Kentucky tu. Vermont tangu 1992 wanawapa Democrat kura za urais kila mara lakini gavana wao Phil Scott ni Republican, na kule wanachagua gavana kila miaka miwili, sijui wanapata wapi nguvu. Kansas ni ya Republican ila 2018 na 2022 walimchagua Laura Kelly, mama wa Democrat. Na kama mnafikiri kuhama chama ni kwetu tu, jirani zetu hapa West Virginia mwaka 2017 gavana wao Jim Justice, kachaguliwa kwa tiketi ya Democrat hata mwaka haujaisha, akapanda jukwaani na Trump akasema narudi Republican. Mwaka uleule wabunge wetu wa upinzani walipoanza kuhamia CCM eti kuunga mkono juhudi za Rais, mnaukumbuka. Tofauti ni kwamba mbunge wetu akihama anapoteza kiti mpaka uchaguzi wa marudio, huyu alikaa zake ofisini, akaja kugombea tena 2020 akashinda.

Haya, sasa mnaonipigia hesabu za kuhama kwa kuangalia chama cha gavana, hapa nisikilizeni vizuri. Gavana wetu ni Democrat lakini bunge la jimbo Republican wana viti 80 kati ya 100, na Seneti ya jimbo ndiyo usiseme. Katibu wa jimbo Republican, mwanasheria mkuu Republican, mkaguzi Republican, kila mmoja kachaguliwa kivyake. Nyie fikirieni mwanasheria mkuu anamburuza gavana wake mahakamani, Daniel Cameron alifanya hivyo wakati wa korona, na huyohuyo akaja kushindana naye kwenye ugavana 2023. Na kura ya turufu ya gavana wa Kentucky ni nyepesi kama karatasi ya sambusa, mabunge mengi ya majimbo yanahitaji theluthi mbili au wajumbe watatu kwa kila watano kumpita, hapa nusu ya wajumbe na mmoja zaidi inatosha. Anasaini leo "nimekataa", kesho bunge linapiga kura limekubali, sheria.

Mpaka kiti cha Seneti ya Marekani walimnyang'anya. Zamani kikiachwa wazi gavana anamteua anayemtaka, 2021 bunge likasema hapana, utachagua kwenye majina matatu ya chama cha aliyeondoka, na 2024 wakamtoa kabisa, kiwe uchaguzi mdogo. Alikataa, wakampita.

Mfano wa hela. Kodi ya mapato ya jimbo ilikuwa asilimia 5, 2023 ikawa 4.5, 2024 ikawa 4, kuanzia Januari 2026 ni 3.5. Ile sheria mama ya 2022 gavana aliikataa, bunge likampita, huku nyuma wakapandikiza kodi ya mauzo ya asilimia 6 kwenye huduma kibao ambazo zilikuwa hazina. Halafu 2023 na 2025 kupunguza zaidi akasaini mwenyewe. Sasa nimshukuru nani? Chama gani? Mimi naona tu tarakimu imesogea, na kaka yangu naye kaiona maana siku hizi akinipigia anaanza na "nasikia mmepunguziwa kodi". Nyie! Mtu ada ya mtoto wake nimelipa mimi mihula miwili, siku nimechelewa wiki moja kaniandikia kwenye grupu la familia eti najua siasa za Wazungu za nyumbani nimesahau. Tuyaache.

Kilichoniumiza mimi hakina chama. Louisville iko ukingoni mwa mto Ohio, ng'ambo ni Indiana, ghala ninapofanya kazi liko kule, navuka daraja kila usiku. Kentucky na Indiana wana makubaliano, ukiishi huku ukafanya kazi kule kodi ya jimbo unalipa kwenu tu. Ila lazima ujaze fomu, WH-47 inaitwa, umpe mwajiri. Nani aliniambia? Hakuna. Dada wa ofisi ya wafanyakazi kanipa rundo la makaratasi nimesaini yote nikijua imo, kumbe haimo, mwaka mzima Indiana wananikata na Kentucky nao wananidai chao. Nikaenda kwa mtu anayejazia watu kodi, dola 180 kachukua, akaniambia ndivyo ilivyo ukifanya kazi jimbo lingine. Ndivyo ilivyo! Ni mama mmoja Mkongo jirani yangu, mtu wa Goma, hajasoma Kiingereza zaidi ya pale kanisani, ndiye kaniambia "hapana mama, ile makuta yako wanarudishaga, uliza fomu", makuta ndiyo hela. Nikajaza mwenyewe ritani ya Indiana, ile fomu ya kodi ya mwaka, dola mia nane na kitu zikarudi, ila cheki imekuja jina la babu limekatwa nusu, benki hawaitaki, wiki sita nyingine. Na kodi ya kaunti ya kule Indiana haimo kwenye makubaliano, hiyo imeenda na maji.

Wakati huo wote gavana wa huku Democrat, gavana wa kule Republican. Hayo makubaliano hayajali nani kakaa wapi.

Sisemi gavana hana maana, msije mkanikata kipande mkakisambaza. Mwangalieni Steve Beshear alivyopanua Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, Bevin akaja anataka kuweka masharti ya kazi, Andy, mwana wa Steve, kaingia Desemba 2019 akayafuta, na mwezi huohuo akarudishia haki ya kupiga kura watu zaidi ya laki moja na arobaini elfu waliomaliza vifungo vyao. Hayo ni maisha ya watu. Lakini wewe unayekuja na green card mpya, Medicaid watu wazima wengi tunasubiri miaka mitano, na hiyo ni sheria ya Washington, serikali kuu. Viza ni Washington. Uraia ni Washington, na fomu yenyewe N-400 ni dola 710 ukijaza mtandaoni, 760 kwa karatasi, hakuna gavana wa kukupunguzia hata senti. Yule mama wa Goma huwa ananicheka nikianza haya, kwao Kivu Kaskazini tangu 2021 gavana anayewekwa na Kinshasa ni mwanajeshi, anasema "nyinyi munajua ata chama yake, muko na bahati".

Kitu kimoja tu nitakisema kama ushauri na hata hicho kaulize wakili wako. Ukienda kuchukua leseni ya udereva wanaweza kukuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, na chama gani. Maana huku chama unaandikwa palepale, hakuna kadi wala ada. Kama hujawa raia sema hapana. Usione aibu, usifikiri ni ukarimu, usitikise kichwa kwa kuwa hujasikia vizuri. Namjua mtu alitikisa kichwa, kaja kuulizwa kwenye usaili wa uraia miaka minne baadaye, na mpaka leo faili lake halijasogea.

Kwa hiyo wewe unayeuliza jimbo gani, mimi siwezi kukuchagulia. Mimi nilikuja hapa kwa sababu binamu yangu alikuwa na chumba na kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, jina la gavana nimelijua miezi mitatu baadaye kwenye tivii ya pale pa kufulia nguo. Uliza kodi ya nyumba, uliza jiji linakata ngapi juu ya jimbo, Louisville wanakata asilimia 2.2 ukiishi na kufanya kazi ndani ya jiji na hiyo mtu hakuambii, uliza kama kuna basi la usiku.

Beshear mwenyewe anamaliza 2027, katiba inampa vipindi viwili mfululizo basi, kwa hiyo hata ukija kwa ajili yake unaweza kukuta kaondoka. Haya mlango unafunguliwa, naona wanaanza kuingia, supavaiza wetu dakika moja ukichelewa anaandika. Hiyo WH-47 nitawapigia picha niiweke kwenye komenti ya kwanza, na wewe wa makande, video yake ipo, nazi niliweka mwishoni.