Tume ya Usawa wa Kijinsia: Mamlaka Yake na Mipaka Yake

Waheshimiwa masheha, wasaidizi wa sheria wa Pemba, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana, assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie mamlaka na wajibu wa chombo kinachosimamia usawa wa kijinsia. Zanzibar hatuna tume iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Malalamiko ya ubaguzi yanaweza kufikishwa mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ni ya Muungano na ina mengi mengine mkononi. Kenya wanayo tume ya jinsia na usawa, kwa sheria ya mwaka 2011. Nitaegemea zaidi ile ya Afrika ya Kusini, iliyotajwa katika kifungu cha 187 cha katiba ya nchi hiyo, kwa sababu kazi zake zinaonyesha waziwazi chombo cha aina hii kinapata wapi nguvu na kinaishiwa wapi.

Katiba hiyo inaipa tume kazi ya kufuatilia, kuchunguza, kutafiti, kuelimisha, kushawishi, kushauri na kutoa taarifa. Kuhukumu hakumo. Tume haimfungi mtu wala haimfukuzi mtu kazi, na ndiyo maana wapo wanaoiona kama baraza la mazungumzo tu. Mimi siafikiani nao, kwani sheria yake ya mwaka 1996 inairuhusu kumwita mtu kwa hati, kumhoji chini ya kiapo na kumtaka alete nyaraka alizonazo.

Chukueni lalamiko lililofikishwa kwenye tume hiyo mwaka 2015, kwa niaba ya wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliosema kwamba walifungwa kizazi katika hospitali za serikali bila ya ridhaa yao. Wapo waliopewa fomu watie saini huku wakiwa katika maumivu makali, wakisubiri kupasuliwa ili wajifungue. Wachunguzi walipofika hospitalini walipokewa kwa ukali, na nyaraka zikafichwa. Hata hivyo taarifa ilitoka mwaka 2020, ikiwahusu wanawake wasiopungua 48. Sasa fikirini: mwanamke huyo akienda peke yake kulalamika, ataonyeshwa saini yake na shauri litaishia hapo hapo. Anayeweza kuuliza saini hiyo ilitiwa saa ngapi, mbele ya nani, na mgonjwa alielezwa nini kwanza, ni yule mwenye uwezo wa kisheria wa kulitaka jalada lenyewe.

Wajibu mwengine ni kuzipitia sheria. Hapa kwetu tulikuwa na sheria ya mwaka 1985 ambayo kwa jina ilikusudia kuwalinda wari na wajane, lakini ndani yake mwanamke asiyeolewa akipata mimba aliweza kufungwa jela. Ilidumu hadi mwaka 2005, ilipopitishwa nyengine iliyoondoa kifungo hicho. Miaka ishirini ni mingi mno, na chombo chenye wajibu wa kuzisoma sheria na kuzisemea hadharani kingekuwa na la kusema mapema zaidi.



Mipaka nayo ipo. Tume yetu ya Muungano hairuhusiwi kuchunguza shauri lililo mbele ya mahakama, na sioni ubaya, maana mwanamke anayedai haki yake kwa kadhi asipelekwe huku na huku. Ninachokihofia zaidi ni taarifa nzuri kufungiwa kabatini, kwa sababu ofisi iliyopewa mapendekezo inaweza kukaa kimya. Siku mswada wa tume kama hii utakapoletwa Zanzibar, binafsi ningetaka muda wa kujibu uandikwe ndani ya sheria yenyewe, na ofisi iliyokaa kimya itajwe kwa jina katika taarifa ya mwaka itakayowasilishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi.