Kijana, Simu na Ukoo: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu wa Moshi

Ndugu wazazi na walimu wenzangu, kati ya mwaka 2015 na 2018 watafiti walioongozwa na Carlos Scolari wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, walichunguza jinsi vijana wa miaka 12 hadi 18 wanavyojipatia ujuzi wa kidijitali nje ya darasa. Waliona kwamba vijana hujifunza kwa kujaribu, kuiga, kucheza na kufundishana, mambo ambayo hata hapa Moshi tunayaona kila siku. Hata hivyo, katika nchi nane zilizochunguzwa hapakuwa na hata moja ya Afrika, na tukiyapokea matokeo hayo kama yalivyo tutasahau kwamba kijana wetu hujifunza akiwa ndani ya ukoo.

Mara nyingi simu anayoitumia ni ya mama, na huipata kwa zamu. Mvulana anaweza kukaa alasiri nzima kwa fundi simu akitazama na kuuliza, wala hakuna anayeshangaa. Dada yake, akiishika simu kwa nusu saa, huulizwa anachati na nani. Tofauti ya ujuzi tunayoiona baadaye kati yao tumeipanda wenyewe nyumbani, na jambo hilo linanisikitisha sana.

Lakini zito zaidi ni suala la heshima. Ifikapo Desemba, familia zinapopanda kwenda kihambani, yaani kwenye shamba na makazi ya ukoo, huko Marangu, Machame na Rombo, ni mjukuu anayemwekea babu bando, anayemfungulia WhatsApp na kumwingiza katika kundi la ukoo. Mjukuu huyohuyo akiona baba mkubwa ametuma kundini tangazo la mkopo linalotaka watu watangulize ada kwa namba asiyoijua mtu, hunyamaza, ingawa ameshatambua kuwa ni utapeli, kwa sababu kumsahihisha mkubwa mbele ya watu ni utovu wa adabu. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, tiba za kila namna zilienezwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo somo la kupima ukweli wa habari, hata lifundishwe vizuri namna gani shuleni, litaishia daftarini ikiwa kijana hana ruhusa ya kulitumia nyumbani.

Sisemi heshima iachwe. Mila zetu zina njia ya mtoto kufikisha jambo gumu kwa mkubwa, yaani kumpitia shangazi, mjomba au bibi, na sioni kwa nini njia hiyo isitumike mtandaoni. Ninawaomba wanaosimamia makundi ya koo wakubaliane, kabla ya Desemba hii, ni nani atakayepokea mashaka ya vijana faraghani na kuyafikisha kwa aliyetuma ujumbe, ili aufute mwenyewe bila kuaibishwa. Na mabinti wawe wa kwanza kuelezwa kwamba njia hiyo ni yao pia.